Maudhi na Madhara: Tiba za Dharura za Guillain-Barré Mizanini

Guillain-Barré ni ugonjwa wa neva unaoanzia miguuni na kupanda. Mwanzo ni ganzi na mchonyoto vidoleni. Halafu magoti yanalegea, mikono inafuata, na kwa baadhi ya wagonjwa hata uso na misuli ya kupumua. Safari hiyo huweza kuchukua siku tatu au wiki mbili, na karibu kila mgonjwa huwa amefika kilele kabla ya wiki nne kutimia. Kila mwaka humpata mtu mmoja hadi wawili katika watu 100,000. Ni ugonjwa adimu, ila hauna nchi usiyoijua.

Tiba za dharura zilizothibitika ni mbili: kubadilisha plazma ya damu, na dripu ya imunoglobulini. Ya tatu, steroidi, huulizwa mno na ndugu wa wagonjwa, na jibu lake huwashangaza wengi. Juu ya tiba hizi husemwa mengi yaliyochanganyika. Wapo wanaodai kubadilisha plazma ni hatari kwa kuwa damu yote hutolewa mwilini. Wapo wanaoamini dripu haina madhara kwa kuwa ni kinga tu ya watu wengine. Na wapo wanaoapa kwamba dawa ndiyo iliyompooza mgonjwa, kwani siku aliyolazwa alikuwa bado anatembea. Kila kauli ina chembe ya ukweli, na hiyo chembe ndiyo inayofanya iaminike.

Kiswahili cha kliniki kina maneno mawili yanayosaidia kupanga mambo. Wahudumu wa afya wa Tanzania huwaambia wagonjwa kuhusu "maudhi madogo madogo" ya dawa: kichefuchefu, kuumwa kichwa, uchovu unaopita. Madhara ni neno zito zaidi. Ni yale yanayoacha kovu au kuua. Mjadala wa Guillain-Barré huharibika pale maudhi yanapoogopwa kama madhara, na madhara yanapopita kimyakimya kwa kuwa hayakutanguliwa na maudhi yoyote.

Ugonjwa unaobeba hatari zake

Jina la ugonjwa lilitokana na ripoti ya mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, ambapo madaktari wa Kifaransa Georges Guillain, Jean Alexandre Barré na André Strohl walieleza habari za askari wawili waliopooza kisha wakapata nafuu. Walichogundua ni kwamba maji ya uti wa mgongo ya askari hao yalikuwa na protini nyingi huku chembe zikiwa hazijaongezeka. Mpaka leo alama hiyo hutumika kutambua ugonjwa.

Chanzo chake kinafahamika kwa kiasi kizuri. Wagonjwa wengi huwa wameugua tumbo au mafua wiki chache kabla. Bakteria aitwaye Campylobacter jejuni, ambaye hupatikana sana kwenye kuku asiyeiva vizuri na maji machafu, ana ganda lenye sukari zinazofanana na mafuta ya gangliosidi yaliyo kwenye neva za binadamu. Kingamwili zilizotengenezwa kumshambulia bakteria huishia kushambulia neva. Katika aina moja ya ugonjwa kinachoumia ni mayelini, yaani ala inayofunika neva; katika nyingine ni uzi wenyewe wa neva. Aina hiyo ya pili huonekana zaidi Asia na Amerika ya Kusini kuliko Ulaya.

Kabla ya dawa yoyote kuingia mwilini, mgonjwa huyu tayari ana hatari tatu. Amelala bila kusogeza miguu, kwa hiyo damu yake iko tayari kuganda kwenye mishipa ya miguu na bonge kusafiri hadi mapafuni. Neva zinazoongoza moyo na presha bila hiari ya mtu zinaweza kuwa zimeguswa, hivyo presha hupanda na kushuka bila sababu ya wazi, na mapigo ya moyo huweza kubadilika ghafla. Isitoshe, robo hivi ya wagonjwa huhitaji mashine ya kupumulia, na mashine hiyo huleta nimonia. Tiba za dharura hazianzii kwenye mwili mzima; zinaukuta mwili wenye hatari hizi, na madhara yake makubwa karibu yote hutokea pale tiba inapokanyaga mojawapo.

Kubadilisha plazma: kutoa kilicho kibaya pamoja na kilicho kizuri

Dai kwamba damu yote hutolewa mwilini si sahihi. Damu hupita kwenye mashine, chembe hutenganishwa na plazma, yaani yale maji ya manjano yanayobeba kingamwili, na chembe hurudishwa. Plazma iliyotolewa hutupwa na nafasi yake hujazwa na albumini au plazma ya wachangiaji. Kwa kawaida hufanyika mara nne hadi tano ndani ya wiki moja au mbili, na jumla ya plazma inayobadilishwa ni mililita 200 hadi 250 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni lita 12 mpaka 15.

Faida yake ilithibitika mapema. Jaribio la Amerika ya Kaskazini lililochapishwa mwaka 1985, lenye wagonjwa 245, lilionyesha kuwa waliobadilishwa plazma walirejea kutembea bila msaada baada ya siku 53 kwa wastani wa kati, ilhali wasiobadilishwa walichukua siku 85. Mwaka 1997 watafiti wa Ufaransa waliochunguza wagonjwa 556 walionyesha jambo ambalo halisemwi vya kutosha: mgonjwa wa hali nyepesi hufaidika na mara mbili, wa hali ya kati na kali huhitaji mara nne, na mara sita hazizidi nne. Kila awamu isiyo ya lazima ni hatari ya bure.

Udhaifu wa njia hii uko katika mambo manne. La kwanza ni katheta. Mashine inahitaji damu nyingi kwa kasi, na mishipa ya mkononi mara nyingi haitoshi, hivyo mrija mnene huingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni au wa kinenani. Uingizaji huo unaweza kutoboa pafu au kusababisha damu kuvuja, na mrija ukikaa siku nyingi huwa mlango wa bakteria na kiota cha damu iliyoganda. Sehemu kubwa ya madhara mazito ya kubadilisha plazma ni madhara ya mrija huu.

La pili ni presha. Damu inapokuwa nje ya mwili kwa muda, mishipa yenye afya hujikaza kufidia. Mishipa ya mgonjwa wa Guillain-Barré aliyeathirika neva za ndani haiwezi, na presha huanguka. Anayetumia dawa za presha za jamii ya enalaprili na kaptoprili huongeza hatari nyingine: albumini na vichujio vya mashine huchochea mwilini kemikali ya bradikinini, na dawa hizo huzuia isivunjwe. Ndiyo maana husimamishwa angalau siku nzima kabla. Ni swali dogo la kumuuliza mgonjwa, na ni rahisi kusahaulika wakati wa dharura.

La tatu ni sitrati, dawa ya kuzuia damu isigande ndani ya mashine. Sitrati hunasa kalsiamu, na kalsiamu ikishuka mgonjwa huhisi mchonyoto mdomoni na vidoleni, wakati mwingine mkazo wa misuli. Hapa kuna mtego. Mchonyoto ndio ulikuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa wenyewe. Mgonjwa huogopa kwamba unarudi, ndugu husema mashine imemzidishia, na kumbe kalsiamu kidogo au kupunguza kasi ya mashine ingemaliza jambo hilo kwa dakika chache. Hili ni maudhi kamili. Lisiposhughulikiwa ndipo hugeuka madhara, kwa kuwa kalsiamu ikishuka sana huvuruga mapigo ya moyo.

La nne ni kwamba mashine haichagui. Pamoja na kingamwili mbaya hutoka kingamwili nzuri, protini za kugandisha damu, na hata baadhi ya dawa. Plazma ikijazwa kwa albumini peke yake, uwezo wa damu kuganda hupungua kwa siku mbili tatu, jambo linalomhusu yeyote anayetarajiwa kutobolewa koo kwa ajili ya mashine ya kupumulia. Ikijazwa kwa plazma ya wachangiaji, uwezo wa kuganda hubaki, lakini hapo huingia mzio, hatari ya maambukizi, na tatizo la mapafu kujaa maji linalofuata kuongezewa damu.

Dripu ya imunoglobulini: wepesi unaodanganya

Imunoglobulini hutengenezwa kwa kuchanganya plazma ya maelfu ya wachangiaji na kuchuja kingamwili zake. Mgonjwa hupewa gramu 0.4 kwa kila kilo kila siku kwa siku tano, jumla gramu 2 kwa kilo. Namna inavyofanya kazi haijulikani yote: huzima kingamwili mbaya, huzuia protini za komplementi zinazotoboa neva, na huharakisha mwili kuzivunja kingamwili zake wenyewe. Mwaka 1992 jaribio la Uholanzi lilionyesha kwamba haiko nyuma ya kubadilisha plazma, na mwaka 1997 jaribio la kimataifa lenye wagonjwa 383 likafunga mjadala: tiba hizo mbili zina nguvu sawa, na kuzipanga moja baada ya nyingine hakuleti faida ya maana. Kimantiki ni sawa pia, kwa kuwa kubadilisha plazma baada ya dripu ni kuyamwaga yaliyotiwa jana.

Tangu hapo hospitali zenye uwezo zimeielekea dripu. Haihitaji mashine wala katheta ya shingoni, muuguzi wa wodi ya kawaida anaweza kuisimamia, na wagonjwa wanaoanzishiwa dripu humaliza dozi mara nyingi zaidi kuliko wanaoanzishiwa mashine. Hizi ni nguvu za kweli. Tatizo ni kwamba wepesi wa kuitoa umezaa imani kuwa ni nyepesi mwilini.

Maudhi yake ni ya kawaida na hutegemea kasi: kichwa kuuma, homa, baridi, misuli kuuma, kichefuchefu, presha kuyumba. Dripu ikipunguzwa kasi, mengi huisha. Katika maeneo yenye malaria, homa hiyo huleta kishawishi cha kumpa mgonjwa dawa za malaria bila kipimo, na kama mgonjwa ana mrija popote mwilini, kuna pia swali la maambukizi. Saa homa ilipoanza ikilinganishwa na saa dripu ilipofunguliwa hujibu sehemu kubwa ya fumbo, mradi tu saa hizo ziliandikwa.

Juu ya maudhi hayo kuna hali inayotisha kuliko inavyoumiza. Baadhi ya wagonjwa, hasa wenye historia ya kipandauso, hupata kichwa kikali, shingo kukakamaa na kuogopa mwanga siku moja au mbili baada ya dripu. Ni mwasho wa utando wa ubongo usio na vimelea, na hupita bila kuacha alama. Lakini sura yake ni ileile ya homa ya uti wa mgongo ya bakteria, kwa hiyo hakuna daktari makini anayeweza kuipuuza.

Madhara ya kweli huja bila kelele. Dripu huongeza uzito wa damu, na damu nzito inayosafiri katika mwili usiosogea huganda. Bonge linaweza kwenda mguuni, mapafuni, moyoni au kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo la kuganda kwa damu liwekwe kwenye bidhaa zote za imunoglobulini. Wenye hatari kubwa ni wazee, wenye ugonjwa wa moyo, waliowahi kuganda damu, wanaotumia homoni za estrojeni, na wale wasioweza kusogea, kundi ambalo wagonjwa wengi wa Guillain-Barré wamo. Sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na maji ya kutosha ni sehemu ya tiba hii hata kama hazimo kwenye chupa.

Figo nazo huumia, hasa kwa bidhaa zilizotulizwa kwa sukari aina ya sukrosi, ambayo huvimbisha chembe za mirija ya figo. Mwenye kisukari au figo dhaifu apewe bidhaa isiyo na sukrosi, na kiwango cha kreatinini kipimwe kabla na katikati ya dozi. Vilevile, kwa kuwa plazma hutoka kwa watu wa makundi yote ya damu, chupa huwa na kingamwili dhidi ya chembe za kundi A na B. Mgonjwa wa makundi hayo, na hasa wa AB, anaweza kupasukiwa chembe nyekundu na kupungukiwa damu siku chache baada ya dozi. Wa kundi O husalimika, na katika Afrika Mashariki kundi hilo ni takriban nusu ya watu. Wachache sana wanaozaliwa bila kingamwili aina ya IgA wanaweza kupata mzio mkali.

Hofu ya maambukizi nayo ina historia. Mwaka 1994 nchini Marekani bidhaa moja ya imunoglobulini iliondolewa sokoni baada ya kuhusishwa na homa ya ini aina ya C. Baada ya hapo viwanda viliongeza hatua za kuua virusi, na leo hatari hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya damu kuganda. Hata hivyo hofu ya watu bado iko kwenye virusi, na onyo la bonge la damu hupita bila kusikika.

Steroidi: bei nafuu bila faida

Kwa nini daktari asitoe steroidi? Swali ni la haki. Guillain-Barré ni ugonjwa wa kinga kujishambulia, na steroidi hutuliza kinga. Husaidia wagonjwa wa myasthenia, hupunguza makali ya shambulio la multiple sclerosis, na hutibu hata ndugu wa karibu wa Guillain-Barré, yaani ule ugonjwa sugu wa neva uitwao CIDP. Ni rahisi, na zipo kwenye kila duka la dawa.

Majaribio yalikataa. Mwaka 1978 jaribio dogo la Uingereza lenye wagonjwa 40 lilionyesha kwamba waliopewa prednisoloni walikuwa na hali mbaya kuliko wasiopewa. Mwaka 1993 methilprednisoloni ya mshipani ilijaribiwa kwa wagonjwa 242 na haikuleta tofauti. Mwaka 2004 Waholanzi waliiunganisha na dripu, na faida haikuthibitika. Maelezo yanayotolewa ni kwamba steroidi huzuia chembe zinazosafisha mabaki ya mayelini iliyoharibika, na huudhoofisha zaidi msuli ambao tayari umekatiwa mawasiliano na neva.

Kwa hiyo madhara ya steroidi hayana cha kuyafidia. Sukari kupanda, presha kupanda, kukosa usingizi, vidonda vya tumbo, kifua kikuu kilicholala kuamka, na minyoo aina ya strongiloidi kutapakaa mwilini ni mambo ambayo mgonjwa wa ugonjwa mwingine huyavumilia kwa kuwa anapata kitu. Hapa hapati chochote. Dawa yenye maudhi madogo na faida sifuri ni mbaya kuliko dawa yenye maudhi makubwa na faida kubwa, na hili ndilo gumu kulieleza kwa familia inayoona daktari "amekataa kutoa dawa". Kasoro moja ya hoja hii ni kwamba CIDP huweza kuanza kwa kasi na kufanana na Guillain-Barré. Mgonjwa anayeendelea kudhoofika zaidi ya wiki nane, au anayerudi chini mara tatu na zaidi, anastahili kuangaliwa upya, na hapo steroidi hurudi mezani.

Kosa la dawa au la ugonjwa?

Sababu kubwa ya dawa kulaumiwa ni kalenda. Tiba huanza wiki ya kwanza au ya pili, na kilele cha ugonjwa huweza kufika wiki ya pili hadi ya nne. Maana yake ni kwamba wagonjwa wengi watadhoofika wakiwa wameshaanza tiba, na ndugu waliomleta mgonjwa akitembea kwa fimbo watamwona kitandani siku ya nne ya dripu. Tiba hizi hazirudishi neva zilizokwisha kuumia. Hufupisha vita, na ukarabati huchukua miezi.

Takriban mgonjwa mmoja katika kumi hupata nafuu kisha hurudi nyuma ndani ya wiki chache. Hali hii hutafsiriwa kuwa dawa imeisha nguvu, na kwa kiasi fulani ni kweli: ugonjwa ulikuwa bado unaendelea tiba ilipopungua mwilini. Wengi wa hawa hupewa dozi nyingine.

Vipo pia vitu ambavyo ugonjwa na tiba huvifanya kwa pamoja, na kuvitenganisha ni kazi. Sodiamu ya damu hushuka kwa sababu ya Guillain-Barré yenyewe. Dripu nayo huishusha, na wakati mwingine hushusha namba ya maabara tu kwa kuwa protini zimejaa kwenye sampuli. Presha huanguka kwa ugonjwa na kwa mashine. Nimonia hutokana na kukohoa kusikokuwepo, ingawa hulaumiwa mashine iliyoondoa kingamwili nzuri. Anayeorodhesha madhara ya tiba bila kutazama kundi lisilotibiwa atajikuta ameorodhesha madhara ya ugonjwa.

Hospitali ni sehemu ya madhara

Vitabu huorodhesha madhara kana kwamba yamo ndani ya dawa. Kwa ugonjwa huu, sehemu kubwa yake imo ndani ya hospitali. Katheta ileile iliyowekwa kwa kipimo cha ultrasaundi na kutunzwa na muuguzi mwenye wagonjwa wawili haina hatari sawa na ile iliyowekwa kwa kubahatisha katika wodi yenye wagonjwa arobaini. Dripu inayosimamiwa kwa pampu si sawa na ile inayohesabiwa matone kwa macho usiku umeme ukiwa umekatika.

Bei nayo ni madhara, hata kama haipimwi maabara. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 120 za imunoglobulini, na katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki dawa hiyo huagizwa kutoka nje. Kinachotokea ni nusu dozi: chupa tatu zinanunuliwa, pesa inakwisha, na mgonjwa amepata hatari ya kuganda damu bila uhakika wa faida. Kubadilisha plazma ni nafuu kidogo, lakini mashine maalumu ni chache. Nafasi ipo mahali pengine. Baadhi ya mashine za wagonjwa wa figo, zikiwekewa kichujio tofauti, zinaweza kutenganisha plazma. Na Kenya, kwa mfano, ilianza mwaka 2015 kupeleka mashine za figo kwenye hospitali za kaunti. Hata hivyo, kuwa na mashine si sawa na kuwa na vichujio, albumini, na fundi aliyefundishwa.

Bangladesh ilijaribu njia isiyo na mashine kabisa. Huko Dhaka damu ya mgonjwa ilitolewa kidogokidogo kwenye mfuko, ikaachwa itulie hadi chembe zikazama chini, plazma iliyobaki juu ikatupwa, na chembe zikarudishwa. Zoezi lilirudiwa mara kadhaa kwa siku kwa siku nane, likilenga kutoa lita 8 za plazma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalihusu watu wazima 20 tu na hayakuwa na kundi la kulinganisha. Yalionyesha kuwa jambo linawezekana kwa gharama ya dola 500 hivi, ilhali dozi kamili ya dripu huzidi dola 10,000. Hayakuonyesha kuwa linaponya kama mashine. Mrija wa kifuani au shingoni bado unahitajika, na kuufungua na kuufunga mara nyingi kwa siku ni kumkaribisha bakteria. Kwa nchi zenye Guillain-Barré na zisizo na pesa, hili ndilo pendekezo linalostahili kuchunguzwa kuliko yote, na pia ndilo linalostahili kuangaliwa kwa jicho kali kuliko yote.

Mizani

Nguvu zikiwa sawa, kinachobaki kuamua ni mwili wa mgonjwa na mahali alipo. Kijana asiye na ugonjwa mwingine, aliyefika ndani ya wiki mbili, dripu ni chaguo la busara panapopatikana dozi kamili. Mzee aliyewahi kupata kiharusi, mwenye moyo dhaifu au figo zilizochoka, mizani huelekea kwenye plazma, mradi presha yake imetulia na pawepo mikono inayojua katheta. Ambaye presha yake inaruka kama mpira, mashine ni hatari, na dripu polepole ni bora. Aliyechelewa hadi wiki ya tatu au ya nne, ushahidi ulio imara ni wa kubadilisha plazma. Mwenye maambukizi ya damu hafai kuongezewa mrija. Na mgonjwa anayetembea vizuri bila msaada, ambaye ugonjwa wake umeshatulia, anaweza kuachwa bila yoyote kati ya hizi, akiangaliwa pumzi na presha. Hakuna sababu ya kumtwisha madhara ya kumwondolea udhaifu alioanza kuuondoa mwenyewe.

Kishawishi kikubwa huja baadaye, pale wiki mbili zinapopita na mgonjwa hajainua hata kidole. Kwa muda mrefu madaktari wengi walirudia dripu, kwa hoja kwamba kama moja imesaidia kidogo, mbili zitasaidia zaidi. Waholanzi walilijaribu hilo kwa wagonjwa 93 waliotarajiwa kuchelewa kupona, na mwaka 2021 wakachapisha matokeo. Dozi ya pili haikuleta nafuu. Madhara makubwa ndani ya siku 30 yalikuwa asilimia 35 kwa walioipata na asilimia 16 kwa waliopewa dripu bandia, na damu kuganda ilikuwa miongoni mwake. Mgonjwa wa namna hii si yule aliyepata nafuu kisha akarudi nyuma. Huyu hajapata nafuu bado, na tofauti hiyo lazima ishikwe. Kinachomsaidia ni kugeuzwa kitandani, viungo kunyooshwa, heparini, lishe kwa mrija, maumivu kutulizwa, na muda.

Kwa watoto kuna mambo matatu ya pekee. Mwili mdogo una damu kidogo, na mashine huweza kushika sehemu kubwa ya damu hiyo kwa mara moja, hivyo dripu hutangulia karibu kila mahali. Kwa kuwa mtoto aliyepooza ghafla ni lazima achukuliwe sampuli mbili za choo kwa ajili ya uchunguzi wa polio, dripu isisubiri majibu, wala sampuli zisisahaulike kwa sababu ya dripu. Jambo la tatu huonekana baada ya mtoto kwenda nyumbani. Kingamwili za wachangiaji hubaki kwenye damu yake kwa miezi na kuizima chanjo hai ya surua kabla haijafanya kazi; baada ya dozi kamili ya gramu 2 kwa kilo chanjo hiyo husogezwa mbele miezi 11. Tarehe ya dripu inapaswa kuandikwa kwenye kadi ya kliniki, si kwenye faili la hospitali peke yake, kwa sababu muuguzi wa chanjo hataliona faili hilo.